Mafundi wa Vichwa wa Gusii

Kabla ya hospitali ya Kisii kuasisiwa mwaka 1916, katika zama za vita baina ya Waingereza na Wajerumani, mtu wa Itumbe, au wa kilima chochote cha Gusii, nchini Kenya, aliyepigwa rungu la kichwa na maumivu yakamganda miezi na miaka, hakuwa na wa kumkimbilia isipokuwa omobari, fundi wa kupasua. Fundi huyo aliichana ngozi ya kichwa, akaufunua mfupa, kisha akauparuza kwa kisu kidogo kilichopinda, taratibu na kwa saa nyingi, akijihadhari asiuguse utando unaoufunika ubongo, kwani hapo ndipo pa uhai na mauti. Alipomaliza, alilifunga jeraha kwa dawa za miti.

Nusukaputi haikuwapo. Etha, dawa ya nusukaputi, ilikwisha kudhihirishwa hadharani Boston, Marekani, mwaka 1846, lakini mgonjwa wa Gusii alishikwa kwa mikono ya jamaa zake, naye akavumilia. Ajabu ni kwamba wengi walipona, na Edward Margetts, tabibu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, aliwachunguza mafundi hao na wagonjwa wao katika karne iliyopita akakiri umahiri wao.

Nami nawastahi mafundi hao kwa dhati. Lakini ustahimilivu wa mgonjwa si badala ya dawa, na kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka wasifungue chumba cha upasuaji mashambani pasipo mtaalamu wa nusukaputi na oksijeni ya kutosha.