Dhahabu ya Mjerumani na maganda ya risasi

Wadau, kuna hadithi moja ambayo haichuji hapa Bongo: mali ya Mjerumani. Tabora ipo, Usambara ipo, Lindi ipo. Kila mahali kuna babu wa mtu aliyeona masanduku yakizikwa usiku, na kila mahali kuna vijana wenye ramani ya siri. Zamani walikwenda na jembe na mganga. Siku hizi wanaongeza mashine ya kupima madini, ile yenye fimbo ndefu na sahani chini, inayolia ikipita juu ya chuma. Wanaingia nayo msituni, inalia, wanachimba, na wanachokipata ni maganda ya risasi. Basi wanatukana, wanayatupa, au wanamuuzia mtu wa vyuma chakavu.

Mimi nasema hivi: hicho wanachokitupa ndiyo mali yenyewe.

Tuanze na dhahabu, maana si uongo mtupu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani yetu, na fedha kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe Tabora, katika karakana ya reli. Ile ya rupia 15 ilikuwa ya dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, na upande mmoja ina tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa kama 16,000, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 hivi. Sasa piga hesabu. Zote kwa pamoja hazifiki kilo 120! Pick-up moja inazibeba na nafasi ya abiria inabaki. Halafu zilipigwa ili zitumike kulipia vita, si zifukiwe. Septemba ya mwaka huohuo Tabora ikatekwa na jeshi la Wabelgiji. Masanduku ya dhahabu yaliyojaa kila mlima kuanzia Lushoto hadi Songea yangetoka wapi?

Maganda ya risasi ni kitu kingine. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita wakiwa na bunduki za mtindo wa 1871. Risasi yake ilikuwa nene, milimita 11, na baruti yake ilitoa moshi mwingi, kwa hiyo ukifyatua tu adui anajua ulipo. Risasi ya Mwingereza ilikuwa nyembamba zaidi, milimita 7.7, na kitako chake kina ukingo uliotokeza. Kwa hiyo ukiokota ganda unaweza kujua lilitoka kwenye bunduki ya nani.

Au pengine usijue, na hapo ndipo utamu ulipo. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishindwa vibaya Tanga. Lilipokimbilia melini liliacha bunduki kwa mamia, rashasha 16 na risasi kama 600,000. Wajerumani wakaziokota na kuendelea kupigana nazo. Kwa hiyo ganda la Kiingereza linaweza kuwa limetoka mikononi mwa askari wa Mjerumani, pengine Mnyamwezi au Msukuma. Utajuaje? Kwa kuangalia lilikolala: liko ndani ya handaki gani, limeelekea wapi, limezungukwa na maganda gani mengine. Ukilitoa ardhini bila kuandika mahali, limebaki kipande cha shaba tu.

Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mstari kwenye mwaka 1863: kitu kilichotengenezwa kabla ya hapo kinalindwa moja kwa moja, cha baada ya hapo mpaka kitangazwe. Vita ya 1914 imeachwa nje ya uzio. Na tusisahau hatari yake. Si kila kinacholia ni ganda tupu. Kombora ambalo halikulipuka halina habari kwamba vita ilikwisha.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni kile ambacho mashine haiwezi kukisikia.

Chukua Beho Beho, ndani ya eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hapo tarehe 4 Januari 1917 alipigwa risasi na kufa Frederick Selous, mwindaji maarufu wa Kiingereza aliyekuwa na miaka 65. Kaburi lake lipo, jina lipo, na pori zima la akiba likaitwa Selous. Sawa, apumzike. Lakini chakula na risasi za jeshi lake zilifikaje huko porini? Hakukuwa na barabara, na mbung'o waliua farasi na nyumbu. Zilibebwa vichwani na watu, kilo 25 hivi kila mtu.

Upande wa Uingereza peke yake ulichukua wapagazi wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu. Vifo vilivyoandikwa vinakaribia 100,000, na si wote walioandikwa. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Walibeba unga na kuvaa blanketi, wakafukiwa kando ya njia. Unga umeoza, blanketi limeoza. Pitisha mashine juu yao na itakaa kimya.

Tunapita juu ya jina lao kila siku bila kufikiri. Kariakoo, tunakonunua simu na viatu, imetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Wenzetu wa Nairobi wana Kariokor yao.

Kwa hiyo mdau, ukikuta ganda porini, lipige picha, andika mahali, liache. Kisha likizo ukienda kijijini usiulize masanduku yalizikwa wapi. Waulize wazee ni nani wa ukoo wenu aliyechukuliwa wakati wa vita ya Mjerumani asirudi. Wakikupa jina, liandike siku hiyohiyo, maana halipo kwenye kaburi lolote.