Kama Catwoman Ingefunguliwa Olympic: Hoja Kuhusu Filamu Zinazosemekana Zilifeli

Kuna mazoea yaliyoota mizizi katika uandishi wetu kuhusu filamu. Mwandishi akitaka kuonyesha kwamba filamu fulani ya mashujaa wa katuni ilikuwa mbovu, anataja asilimia ya tovuti ya Rotten Tomatoes na kesi inafungwa papo hapo. Mfano upendwao ni Catwoman ya mwaka 2004. Iligharimu takriban dola milioni 100, ikaingiza karibu milioni 82 ulimwenguni kote. Chini ya asilimia 10 ya wahakiki ndio walioisifu. Februari 2005 mwigizaji wake mkuu, Halle Berry, alipanda jukwaani mwenyewe kuipokea tuzo ya Razzie ya mwigizaji wa kike mbaya kuliko wote, Oscar yake ikiwa mkononi. Hayo sibishani nayo. Ninabisha kwamba yanatosha.

Tubadilishe jambo moja tu katika historia. Tuchukulie kwamba Julai 2004 filamu hiyo haikufunguliwa Marekani bali Olympic, Kibera, jijini Nairobi, ndani ya kibanda cha video cha mabati hatua chache kutoka kituo cha matatu za namba 8: mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, ubao wa chaki nje ukitangaza filamu na mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, na msimulizi akiisimulia yote kwa Kiswahili na Sheng. Mwanahistoria E. H. Carr aliyadharau maswali ya namna hii mwaka 1961. Mwanahistoria mwenzake Niall Ferguson aliyatetea mwaka 1997, ila utetezi wake umejaa vita na wakuu wa dola. Sioni kwa nini swali la "ingekuwaje" liachiwe majemadari. Hata hivyo, ninachohamisha si kikubwa. Filamu ya Black Panther ilionyeshwa Kisumu tarehe 13 Februari 2018, kabla umma wa Marekani haujafunguliwa milango.

Juu ya usimulizi wenyewe sitakawia. DJ Afro hapa Kenya, Lufufu Tanzania na VJ Jingo Uganda wanajulikana, na watafiti wamekwisha kukubaliana kwamba msimulizi huongeza, hupunguza na hutania. Ninapoachana nao ni katika cheo wanachompa. Mtafiti Matthias Krings, katika kitabu chake African Appropriations (2015), anamweka zaidi upande wa upatanishi, mtu anayeivusha filamu ya kigeni iwafikie wenyeji. Cheo hicho ni kidogo mno. Msimulizi ndiye huamua filamu inahusu nini, na filamu isipojulikana inahusu nini haiwezi kufeli wala kufaulu.

Tazama kisa chenyewe cha Catwoman. Patience Phillips ni mchoraji wa matangazo katika kampuni ya vipodozi. Anasikia siri ya krimu mpya ya uso: anayeiacha baada ya kuizoea, ngozi yake inaharibika, anayeendelea kuipaka, uso wake unakuwa mgumu kama marumaru. Anauawa kwa kuisikia siri hiyo, kisha paka anamfufua. Adui wake, Laurel Hedare, ameipaka krimu hiyo kwa miaka na hasikii pigo. Mwishoni uso wake unapasuka, anajiona kwenye kioo, anaanguka. Wahakiki wengi wa Marekani waliona kichekesho: shujaa mzima, adui wake chupa ya krimu! Wamezoea mashujaa wanaookoa miji.

Sasa ipeleke krimu hiyo Olympic. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, na hadi leo krimu za kujichubua zinauzwa sokoni na vibandani. Kwamba ukiiacha unaharibika kuliko ulivyokuwa, hilo si ubunifu wa mwandishi wa filamu. Watumiaji wengi wanalijua. Msimulizi hana haja ya kutunga. Angesema tu, "Hiyo krimu iko hata hapa stage," na ukumbi ungejua adui ni nani. Kilichokuwa dhaifu kuliko vyote New York kingekuwa ndicho uti wa mgongo wa filamu.

Lawama ya pili ilitoka kwa wasomaji wa katuni. Selina Kyle, Catwoman wa asili aliyeingia katika katuni za Batman mwaka 1940, ameondolewa kabisa, na mji wa Gotham pia. Ni usaliti, lakini usaliti unahitaji aliyesalitiwa. Kumbukumbu ya katuni kwa wazee wa mitaa hii ni Juha Kalulu wa Edward Gitau na Lance Spearman wa jarida la African Film, aliyepigwa picha badala ya kuchorwa. Selina hakuwa na wa kumlilia.

Kuna watakaosema kibanda hupenda chochote. Hao hawajawahi kuona kibanda kikichoka: watu hutoka wakidai mpira, na mwenye kibanda hubadilisha diski upesi kuliko studio yoyote inavyoondoa filamu sinema.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vibanda hujaa vijana wa kiume, ilhali krimu huwahusu zaidi dada na mama zao. Pengine basi ukumbi ungecheka kwanza, tena kwa ukatili, kabla ya kuelewa. Nalikubali hilo. Ila kijana anayecheka kwa kuitambua krimu iliyo rafuni kwao ameielewa filamu kuliko mhakiki aliyeuliza krimu inatafuta nini humo. Na kwa kuwa shilingi za kibanda hazikuwahi kuingia katika zile milioni 82, hesabu inayoitwa ushahidi wa kufeli haikumhesabu kijana huyo hata mara moja.