Mgahawa umefungwa, mwenyewe yuko likizo

Najua nimeadimika humu, lawama zote nazipokea. Tesiti zilitubana na bumu nalo likachelewa, sasa mtu utaandika nini na njaa? Ila leo nina stori, na imeanzia rumuni kwetu.

Kama mjuavyo nasoma ualimu, Historia na Kifaransa. Juzi nabukua Kifaransa, nikakutana na picha ya mgahawa wa kijijini huko Ufaransa. Mdogo tu, madirisha yamefungwa, na mlangoni kimebandikwa kikaratasi: tumefunga kwa likizo ya mwaka, tutarudi tarehe fulani. Mshikaji ninayekaa naye akachungulia, akacheka. "Yaani mgahawa ndio huo huo kijiji kizima, halafu mwenyewe kafunga wiki tatu? Hawa watu wavivu, bwana!" Nikataka kumjibu, nikakuta sina jibu. Nikaacha sarufi nikaenda maktaba.

Kumbe suala la kufunga milango vijijini kule ni la zamani kuliko likizo yenyewe. Mwaka 1814, wafalme waliporudi madarakani baada ya Napoleon kuangushwa, ilitungwa sheria ya kuheshimu Jumapili na sikukuu za dini. Sasa sikilizeni hii: kwenye miji yenye watu chini ya 5,000 na vijijini, wenye vilabu vya pombe na migahawa walikatazwa kufungua wakati wa ibada. Wale wa miji mikubwa hawakubanwa hivyo. Yaani kijijini, padri akiwa madhabahuni, muuza mvinyo asimpokonye waumini. Sheria ile ikafutwa 1880, wakati wanajamhuri wakipunguza nguvu za kanisa. Uhuru mtamu, ila muuza duka wa kuajiriwa akabaki hana siku ya kupumzika inayolindwa na sheria.

Ilibidi watu wafe. Machi 10, 1906 mgodi wa makaa ya mawe wa Courrières, kaskazini mwa nchi, ulilipuka wakafa watu 1,099. Migomo ikawaka, na Julai 13 mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya siku moja ya mapumziko kila wiki.

Halafu ndiyo ikaja 1936, mwaka ambao kila mwanafunzi wa historia ya Ulaya ameukariri. Vyama vya mrengo wa kushoto vinashinda uchaguzi, Léon Blum anaunda serikali, na wafanyakazi hawasubiri: wanagoma na kukalia viwanda, wengine wanacheza muziki wa akodiani humo humo kiwandani. Juni 20 sheria inatoka, siku 15 za likizo kwa mwaka na mshahara unaingia. Léo Lagrange, aliyesimamia michezo na burudani serikalini, akaleta tiketi za treni zenye punguzo la asilimia 40. Kuna watu waliiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwaka huo. Baadaye likizo ikanenepa: wiki ya tatu 1956, ya nne 1969, ya tano 1982.

Lakini hapa ndipo mimi nilipokwama nikasoma mara mbili. Sheria ile ilimhusu mwajiriwa. Mwenye mgahawa wa kijijini, mume jikoni na mke anahudumia meza, ameajiriwa na nani? Hakuna wa kumlipa akipumzika. Likizo yake anailipa mwenyewe, kwa mlango uliofungwa na kodi zinazoendelea kudai. Na likizo za wenzake ndizo zinazompangia lini achoke. Kijiji cha pwani Agosti kinafurika, watu wanakula mpaka saa tano usiku, mwenye mgahawa hakai chini. Wageni wakiondoka, kijiji kinabaki na wazee na paka. Karibu nyumba moja kati ya kumi Ufaransa ni nyumba ya pili ya mtu anayeishi kwingine, kwa hiyo vijiji vingine wakati wa baridi ni madirisha matupu mtaa mzima. Afungue apikie nani?

Ndiyo maana vikaratasi havisemi kitu kimoja. Cha Novemba au Januari pwani kinasema wageni wameondoka. Milimani kwenye mchezo wa kuteleza kwenye theluji, wengi hufunga mara mbili: theluji ikishayeyuka, na tena vuli kabla haijaanguka. Na kuna kijiji cha ndani kisicho na watalii, ambacho mgahawa wake unalisha mafundi na madereva mchana. Huo unaweza kufungwa Agosti yenyewe, kwa sababu mafundi nao wameenda baharini! Walimu wenzangu, mnajua nani mwingine anapanga haya? Wizara ya elimu. Shule zimegawanywa kanda A, B na C, na likizo za baridi na za masika zinapishana, ili watoto wote wasipande mlimani wiki moja. Kalenda ya shule inampangia muuza jibini lini afungue duka. Sisi humu darasani hatukufundishwa kwamba tuna nguvu hizo.

Kibaya ni mlango usiofunguliwa tena. Miaka ya 1960 Ufaransa ilikuwa na vilabu na mikahawa ya kunywea kahawa kama 200,000. Kufikia 2016 havikufika 40,000. Kwa bibi asiye na gari, duka pekee likifungwa, hata kwa wiki tatu, anasubiri mwoka mikate wa kijiji jirani apitishe gari lake. Kuna vijiji ambavyo ofisi ya meya imenunua jengo na kulipangisha ili apatikane wa kuliendesha.

Sasa mshikaji wangu akasema, basi wafungue kila siku, kwani nani kawakataza? Kumbe wapo waliokatazwa. Sheria ya 1923 inaruhusu vyama vya waajiri na vya wafanyakazi kukubaliana, na mkuu wa mkoa akaamuru biashara zote za aina moja zifunge siku moja kwa wiki. Maana jirani akifungua Jumatatu, na wewe utafungua, mwisho hapumziki mtu. Lusigny-sur-Barse, kijiji cha watu wapatao 2,000 karibu na maziwa yanayovuta watalii, mwoka mikate alifungua siku zote saba kiangazi cha 2017. Mwaka 2018 ikajulikana ametozwa faini ya euro 3,000. Meya wake akamtetea: wageni wapo, mkate wanataka. Mimi bado sijaamua niko upande wa nani. Wa meya nikiwa na njaa, wa sheria nikiwa nimechoka.

Nilipomaliza kusimulia, mshikaji hakusema tena uvivu. Tulikuwa tumeshuka kwa mama wa chapati nyuma ya hosteli, ambaye chuo kikifunga naye anafunga, banda linabaki nguzo tupu. Nikamuuliza, "Mama, tukienda likizo ndefu wewe unaenda wapi?"

"Kulima," akasema, bila kuinua macho kwenye kikaango. "Mlidhani nami naenda likizo?"