Mto Makalia Vitabuni: Majina ya Nakuru katika Maandishi ya Jiolojia

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Rongai hupita mahali ambapo macho hayaoni jambo la ajabu. Mlima Menengai uko kuliani mwake, na mashamba yamemzunguka pande zote. Lakini baada ya mwendo si mrefu, maji ya mvua yaliyokuwa yakiteremkia Ziwa Nakuru hugeuza njia, yakaelekea kaskazini, yakaingia Mto Molo na kuishia katika Ziwa Baringo. Tuta linaloyatenganisha mabonde haya mawili ni dogo, na aghalabu mpitaji halitambui. Hata hivyo, ardhi iliyo pande zote mbili za tuta hilo imetoa majina ambayo kwa zaidi ya miaka thelathini yalisomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na Afrika ya Kusini kana kwamba ni kipimo cha wakati kwa bara zima. Kijito cha Makalia, vilima vya Kamasia, pango lililo karibu na Elmenteita na mji wa Nakuru wenyewe vilipewa kazi ya kuhesabu zama za Afrika. Leo majina hayo hutajwa tu pale inaposimuliwa habari ya kosa. Makala haya yanafuatilia jinsi yalivyopanda na jinsi yalivyoporomoka, kwa kuwa kuporomoka huko kunafundisha mengi kuhusu namna wataalamu wanavyorejeleana kuliko kunavyofundisha kuhusu mvua.

Jina la kwanza kabisa ni la bonde lenyewe. Mwaka 1891 Eduard Suess wa Vienna alichapisha uchunguzi wake juu ya mipasuko ya Afrika ya Mashariki. Yeye hakuwahi kuikanyaga nchi hii. Alitegemea habari zilizoletwa na msafara wa Teleki na von Höhnel wa miaka 1887–88. Miaka miwili baadaye J. W. Gregory alitoka Mombasa na wapagazi wapatao 40, akafika Baringo na kupanda Mlima Kenya. Kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina la Kiingereza ambalo Kiswahili kililifasiri kuwa “Bonde la Ufa”. Yafaa kusita kidogo hapa. Katika Kiswahili ufa ni wa ukuta au wa chungu. Ni kitu kinachozibika, kama methali isemavyo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Gregory alikusudia jambo jingine: bonde lililozama baina ya mipasuko miwili inayokwenda sambamba. Kwa hiyo jina si maelezo ya mandhari tu, bali limebeba ndani yake nadharia ya namna bonde lilivyotokea, na kila alitajaye huirejelea nadharia hiyo, apende asipende. Gregory alirudi mwaka 1919, akatoa kitabu cha pili mwaka 1921, na tangu hapo sehemu ya mashariki ya bonde hilo hujulikana duniani kwa jina lake.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hamu ya wataalamu iligeuka. Swali la jinsi bonde lilivyopasuka halikuachwa, lakini swali la maziwa ya kale lilipata wafuasi wengi zaidi. E. J. Wayland wa Idara ya Jiolojia ya Uganda alikuwa amekwisha kutoa rai kwamba Afrika ya Mashariki ilipitia vipindi vya mvua kubwa vilivyotengwa na vipindi vya ukame. Kuanzia mwaka 1926 L. S. B. Leakey aliongoza misafara ya kuchimba Nakuru na Elmenteita, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 Erik Nilsson kutoka Sweden alikuwa akipima fuko za kale za maziwa hayo hayo. Ushahidi haukuwa wa kubuni. Juu ya Ziwa Nakuru, kiasi cha meta 180 kutoka usawa wa maji ya sasa, ufuko wa kale unaonekana wazi, na yeyote aliyeuona hana budi kukubali kwamba Nakuru na Elmenteita yaliwahi kuwa ziwa moja kubwa lenye kina.

Kutokana na fuko hizo, na kutokana na mashapo yaliyopatikana chini na juu ya zana za mawe, zilitungwa zama. Kamasia likawa jina la kipindi kimoja cha mvua kuu. Kipindi kilichofuata baadaye kiliitwa kwa jina la Gamble, mlowezi aliyekuwa na shamba lenye pango lililochimbwa. Vipindi viwili vidogo vya mwisho vilipewa majina ya Makalia na Nakuru. Magharibi zaidi, Mto Kagera na mahali paitwapo Kanjera, karibu na Ziwa Viktoria, vilitoa majina mengine mawili. Hivyo mlowezi mmoja aliketi katika safu moja na mito na vilima, naye akawa zama nzima ya bara la Afrika. Hakuna ushahidi kwamba wakazi wa Makalia waliulizwa wanakiitaje kijito chao, wala kwamba waliofukua mapango kwa jembe na sururu waliulizwa wanaonaje. Katika maandishi ya wakati ule mchimbaji Mwafrika huonekana kwa nadra, na jina lake kwa nadra zaidi.

Mwezi Januari 1947 Mkutano wa kwanza wa Afrika nzima kuhusu historia ya kale ulifanyika Nairobi, na wajumbe wakaidhinisha utaratibu wa vipindi vinne vikuu: Kagera, Kamasia, Kanjera na Gamble. Idadi hiyo ya nne haikuwa bure. Ulaya ilikuwa na zama zake nne za barafu, zilizopangwa na Penck na Brückner kutokana na milima ya Alps, na wengi walitarajia kwamba barafu ilipojaa Ulaya, mvua ilijaa Afrika. Kutoka hapo majina yalisafiri upesi. Mtaalamu wa kusini mwa Afrika aliyekuta changarawe za mto wa kale aliziita za Kamasia. Aliyekuta zana zinazofanana na za Nakuru alizitia katika zama za Gamble. Sonia Cole aliyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya historia ya kale ya Afrika ya Mashariki, kilichosomwa na watu wengi wasio wataalamu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwenye zana alizipa umri kwa kuutegemea mchanga zilimolala. Mwenye mchanga aliupa umri kwa kuzitegemea zana zilizomo. Kisha wote wawili wakamrejelea mwenzao wa Nakuru, ambaye naye alitiwa moyo kuona kwamba rai yake imethibitishwa mbali sana. Kila mmoja aliegemea bega la mwenzake, na hakuna aliyekuwa ameegemea ukuta. Mtu angehesabu marejeo wakati ule angeona kwamba zama za Kamasia ni jambo lililothibitika kuliko mengi, kwa kuwa lilitajwa kila mahali. Idadi ya waliolitaja ilikuwa kubwa. Idadi ya waliokwenda Kamasia kuyatazama mashapo yenyewe ilikuwa ndogo.

H. B. S. Cooke mwaka 1958 na R. F. Flint mwaka 1959 ndio walioyahoji mambo haya kwa ukali zaidi. Walionyesha kwamba katika nchi ambayo ardhi yake inapasuka na kuinuka, ufuko ulioko juu si lazima uwe umeachwa na maji mengi. Pengine ardhi ndiyo iliyonyanyuka, au mashapo yaliyodhaniwa kuwa ya ziwa yalitupwa na volkeno. Mwaka 1965 wataalamu waliokutana Burg Wartenstein huko Austria walishauri majina hayo yaachwe. Mwaka huo huo kundi la Bedford College, London, likiongozwa na Basil King, lilianza kuchora ramani ya miamba ya Baringo na vilima vilivyo jirani. Ikaonekana kwamba mashapo ya Kamasia hayakuwa ya zama moja hata kidogo: ni tabaka nyingi za umri mbalimbali, na baadhi yake zina umri wa mamilioni ya miaka.

Pigo la mwisho lilitoka Nakuru kwenyewe. Mwaka 1972 Butzer, Isaac, Richardson na Washbourn-Kamau walichapisha katika jarida la Science vipimo vya kaboni ya mnururisho kutoka fuko za maziwa ya Afrika ya Mashariki. Maji yalikuwa juu sana baina ya miaka 10,000 na 8,000 hivi iliyopita, yaani baada ya barafu ya Ulaya kuyeyuka. Barafu ilipokuwa nyingi kabisa huko kaskazini, maziwa ya huku yalikuwa madogo. Ulinganifu uliokubaliwa mwaka 1947 ulikuwa umepinduliwa juu chini. Wala hili si suala la wasomi peke yao. Tangu kiasi cha mwaka 2010 maji ya Ziwa Nakuru na ya Baringo yamepanda, yakafunika barabara, lango la hifadhi na nyumba za watu. Na mtu anayetaka kujua ziwa laweza kufika wapi na kwa muda gani huhitaji tarehe za fuko za kale zilizo sahihi, si jina zuri.

Majina nayo yalikuwa na safari yake baada ya zama kuanguka. Vilima vya Kamasia sasa huitwa Tugen, jina ambalo wenyeji hujiita. Na kiumbe wa kale wa miaka milioni sita hivi aliyepatikana humo mwaka 2000 aliitwa Orrorin tugenensis. Zana za pango la Gamble zilipewa mwaka 1931 jina linalotokana na kijiji cha Aurignac cha Ufaransa, baadaye zikapewa la Gafsa ya Tunisia, na ilikuwa mwaka 1980 tu ndipo zilipoitwa kwa jina la mlima ulio karibu nazo, Eburru. Ilichukua karibu miaka hamsini kwa kitu cha Elmenteita kupata jina la Elmenteita au jirani yake. Rongai nayo haikusahauliwa, ijapokuwa kwa njia isiyotarajiwa: katika majarida ya kilimo Rongai ni aina ya fiwi, ile mbegu ambayo Wakikuyu huiita njahi, iliyotoka katika wilaya hiyo na kutolewa kwa wakulima wa New South Wales, Australia, mwaka 1962. Huenda wasomaji wanaolijua jina la Rongai kwa sababu ya malisho ya ng'ombe ni wengi kuliko wanaolijua kwa sababu ya mawe.

Wakati zama za Kamasia zilipokuwa zinaanguka, kuhesabu marejeo kulikuwa kumeanza kuwa kazi rasmi. Eugene Garfield alianza kuitoa faharasa yake ya marejeo ya sayansi huko Philadelphia katika miaka ya mwanzo ya 1960. Faharasa hiyo ilisoma majarida. Ripoti ya 78 ya Idara ya Jiolojia ya Kenya, ambamo G. J. H. McCall mwaka 1967 alieleza miamba ya Nakuru, Thomson's Falls na Ziwa Hannington, ambalo sasa ni Bogoria, haikuwa jarida. Hata hivyo ndiyo anayoishika mkononi mtu anayekwenda Menengai kufanya kazi. Uchimbaji wa visima vya mvuke ulipoanza huko mwaka 2011, ramani za McCall hazikuwa zimepitwa na wakati. Ndivyo ilivyo pia kwa ripoti nyingi za Wakenya waliojifunza elimu ya jotoardhi huko Iceland, katika mafunzo yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwaka 1979: hutumiwa sana, huhesabiwa kidogo. Kipimo cha namna hii kina upungufu wa pili ulio mkubwa zaidi, nao ni kwamba hakitofautishi anayerejelea ili kukubali na anayerejelea ili kupinga. Flint alipoivunja Kamasia aliiongezea hesabu.

Haja iliyowafanya watu waitunge Kamasia ilikuwa haja ya kweli. Mtu aliyeko Nakuru na mwenzake aliyeko kando ya Ziwa Viktoria huhitaji alama moja ili wajue kama wanazungumzia wakati mmoja. Alama hiyo imepatikana, na ilikuwa mlimani Menengai siku zote. P. T. Leat mwaka 1984 aliueleza mlipuko mkubwa wa kwanza uliotengeneza kasoko ile, akaukadiria kuwa wa miaka 29,000 hivi iliyopita. Mwaka 2016 Nick Blegen na wenzake waliupima upya na kupata miaka 36,000 hivi. Majivu yake yametambuliwa kwa kupima kemia ya chembe zake, si kwa kufanana kwa sura, nayo yanaunganisha tabaka za bonde na zile za mashariki ya Ziwa Viktoria. Yalifika huko kwa upepo katika muda mfupi, yakatua juu ya kila kilichokuwapo siku hiyo.