Ndai ya Safu Tatu kwa Familia ya Garissa: Kalia Kiti cha Nyuma Kabla Utoe Doo

Kama mnaishi Garissa, hesabu ya familia unaijua. Fathe, mathe, watoi watano, na ayeeyo ambaye haachwi nyumbani kama kuna safari. Hao ni wanane. Halafu kuna cuzo alikuja kukaa wiki moja na sasa ako mwaka wa pili. Probox haitoshi, hata kama dere wa pale stage atakuapia inabeba kumi. Hapo ndio mtu huanza kusaka ndai iko na safu ya tatu ya viti.

Shida ni kwamba maneno mengi utasoma kuhusu hizi gari yaliandikwa na mtu anapeleka watoi shule Kilimani na kurudi. Wewe unaongea kuhusu kilomita kama 370 hadi Nairobi, jua la digrii 35 na zaidi, ngamia wanavuka lami bila kuangalia kushoto wala kulia, na ukitoka nje ya tao kuelekea Ijara ama Wajir, mchanga na udongo mweusi vinakungoja. Ndai ni ileile, lakini kazi ni tofauti kabisa. So tuanze na kitu wauzaji hawatakuambia.

Viti vinane si kilo za watu wanane

Gari nyingi tunanunua zimetoka Japan, na Wajapani wakipima uzito ambao gari inaruhusiwa kubeba, wanahesabu kila abiria kama kilo 55. Noah ya viti vinane basi imepigiwa hesabu ya 8 mara 55, yaani kilo 440. Hizo ni watu pamoja na kila kitu wamebeba.

Sasa weka familia yako. Fathe 85, mathe 75, ayeeyo 65, watoi watano wa wastani wa kilo 35 kila mmoja ni 175. Jumla 400. Umebakisha kilo 40. Jerikeni mbili za lita 20 za maziwa ya ngamia za kupelekea watu wa Eastleigh na umemaliza, hata hujaweka begi moja. Wakijaa watu wazima wanane wa kilo 75, ni kilo 600, na ushapita kabla buti ifungwe.

Gari haitavunjika hapo hapo. Inachoka polepole: springi zinalala, breki zinachelewa kushika, tairi zinachemka. Angalia maandishi ya kando ya tairi. Noah nyingi ziko na 195/65R15 halafu namba 91. Hiyo 91 maana yake tairi moja inabeba mpaka kilo 615 ikiwa na upepo wa kutosha. Upepo ukipungua, hiyo nguvu inapungua, na lami ya saa nane mchana kati ya Ukasi na Bangale inamalizia kazi. Kwenye mlango wa dere kuna stika inasema upepo unafaa kuwa ngapi. Isome. Usiulize kijana wa pancha "weka ya kawaida."

Pia kuna namba nne ndani ya duara dogo kwa tairi, mwisho wa ile inaanza na DOT. Kama ni 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado iwe imezeeka. Ndai ya yadi huwa na hizo kibao.

Na mzigo wa juu ya paa? Ndio kila mtu hufanya, najua. Lakini ukipandisha gunia na magodoro huko juu ya gari refu na nyembamba kama Noah, siku utakwepa ngamia kwa spidi ya 110 ndai italala ubavu.

Kiti chenyewe

Hii ndio test ya maana na ni ya bure. Ukifika yadi usikae kiti cha dere. Enda nyuma kabisa, kaa, funga mlango, mwambie muuzaji awashe AC na mkae dakika ishirini juani. Kama wewe unatoka jasho, mtoi wa miaka minne atatapika kabla mfike Mwingi. Gari zingine ziko na matundu ya AC juu ya safu ya nyuma, na hizo huwa na feni ya pili. Zingine hewa yote inatoka mbele kwa dere, na ikifika huko nyuma imeshakuwa pumzi ya watu. Kwa Garissa hii si anasa. Kama hakuna AC ya nyuma, mimi ningetafuta ndai ingine, hata ikiwa bei yake imeshuka aje.

Ukiwa bado umekaa huko, angalia mikanda. Hesabu iko ngapi na uivute yote, kwa sababu ya nyuma huwa imekwama chini ya kiti miaka na mikaka. Ile ya katikati mara nyingi ni ya kiuno tu, haipiti begani. Pima na nafasi kati ya kichwa na kioo cha nyuma. Kwa gari ndogo za viti saba, kichwa cha mtoi kiko karibu sana na huo mlango, na ukigongwa nyuma na lori hakuna kitu kati yao. Ndio maana ayeeyo na watoi wadogo wakae safu ya pili, wale vijana warefu wenye kelele ndio warudi nyuma. Watalia. Wacha walie.

Halafu simamisha hiyo safu ya tatu na ufungue buti. Hapo ndio ukweli hutoka. Gari nyingi zinabakisha nafasi ya begi mbili tatu. Viti saba na buti kubwa kwa wakati mmoja, hiyo ni ya gari kubwa tu.

Usidanganywe pia na Land Cruiser zile za viti vya pembeni, watu wakiangaliana kama wako kwa karandinga. Zinabeba wengi, ni ngumu kama chuma, lakini kama mikanda haipo, hiyo ni ya mizigo na maaskari. Si ya watoi wenu.

Ndai zenyewe

Noah na Voxy ni gari moja, sura tofauti. Kwa familia inayokaa Garissa tao na kwenda Nairobi kwa lami, ni ngumu kuishinda. Inakaa wanane, milango inateleza, ayeeyo anaingia bila kupanda mlima, AC ya nyuma iko, na spea zinapatikana mpaka usiku. Ya 2014 hadi 2021 ndio watu wanaagiza sahii. Ile ya kabla yake, 2007 hadi 2014, utaipata tu kwa mkono wa pili hapa Kenya. Ubaya wake ni mbili. Tumbo liko chini, kama sentimita 16 tu kutoka ardhini, na ukijaza watu inashuka zaidi. Ya pili ni giaboksi ya CVT. Haipendi kuvuta mzigo mzito kwa mchanga, inachemka. Mtu akikuambia "hii ni 4WD, inaenda popote," mwambie asante. Hiyo 4WD waliiweka kwa sababu ya theluji ya Hokkaido, si mchanga wa Dadaab, na haiinui tumbo la gari kukufanya upite mahali pabaya.

Sienta na Wish ni za familia yenye watoi wadogo na bajeti ndogo. Sienta ni lita 1.5, inakunywa kidogo, lakini safu ya tatu ni ya watoto tu na hesabu yake ya Japan ni kilo 385 kwa watu saba. Wish, Toyota waliacha kuitengeneza 2017, so unanunua ile ishazunguka Kenya. Ikiwa ilikuwa mathree ya Probox kwa jina lingine, utajua kwa viti vya nyuma, si kwa maili.

X-Trail ya viti saba na Mazda CX-8 ziko juu kidogo na zinapendeza machoni. X-Trail safu ya tatu ni ya adhabu. CX-8 iko poa zaidi, lakini ya dizeli iko na chujio la moshi ambalo linataka mafuta safi na safari ndefu za spidi. Ukiishi ukizunguka Suq Mugdi kwa gia ya pili, litaziba.

Sasa Prado. Kila mtu NEP anaipenda na sababu ni za kweli. Iko juu karibu sentimita 22, giaboksi yake inavumilia, fundi yeyote kutoka Garissa hadi Mandera amewahi kuifungua. Lakini hakikisha ni ya viti saba kwa sababu kuna za tano zinafanana kabisa, na saba bado si wanane. Ile ya 2.8 ya dizeli kutoka Japan inatumia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Ikiisha kabisa, ukizima injini haitawaka tena. Uliza inapatikana wapi karibu na nyinyi kabla ununue, na ubebe galoni ya akiba ukienda mbali. Fortuner ni njia ya kati. Imejengwa juu ya mwili wa Hilux, ngumu, ila safu ya tatu inakunjwa kwa pembeni na inakula buti, na inarusha watu huko nyuma kwa barabara mbaya.

Ushauri wangu? Kama mwaka mzima unatoka kwa lami mara mbili, nunua Noah na hizo mara mbili kodisha Land Cruiser. Utaokoa doo mob. Kama boma liko Modogashe ama Masalani na unaenda kila mwezi, basi Prado si kuringa, ni kifaa cha kazi.

Maji

Hapa hakuna ndai inakuokoa. Novemba 2023 wakati wa El Niño, na tena Aprili 2024, Tana ilifurika na barabara ikakatika kati ya Madogo na Garissa. Aprili hiyo hiyo basi la abiria lilisombwa na maji kwenye barabara ya Garissa, watu zaidi ya hamsini wakaokolewa. Mwisho wa mwezi boti iliyokuwa inavusha watu ikazama na kuna waliokufa. Maji yanayokimbia, hata kabla yafike goti, yanaanza kuelea gari ndogo, na yakifika pajani hata SUV nzito inaondoka na nyinyi wote ndani. Safu ya tatu haina mlango wake. Wanaokaa nyuma ndio wa mwisho kutoka. Ukiona maji barabarani, kaa Madogo, kunywa chai, ngoja.

Ganji na karatasi

Ukiagiza, Kenya inakubali gari isiyozidi miaka minane. Kwa 2026 hiyo ni iliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2019, na usukani uwe kulia. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, halafu ushuru wa bidhaa asilimia 25 kwa injini inayozidi 1500cc, halafu VAT 16. Dizeli inayopita 2500cc ushuru wa bidhaa unapanda hadi 35, na hapo ndio Prado ya 2.8 inauma kuliko ya petroli ya 2.7. Na KRA hawapigi hesabu kwa bei uliyolipa wewe Japan, wanatumia orodha yao ya bei ya gari ikiwa mpya, kisha wanapunguza kwa umri.

Kama hutaki riba, uliza murabaha. Benki inanunua gari, inakuuzia kwa bei ya juu iliyokubaliwa mwanzo, unalipa pole pole na bei haibadiliki. Gulf African Bank wanafanya hivyo. Uliza faini ya kuchelewa inaenda wapi, kwa sababu hapo ndio maswali mazuri hukaa. Kwa bima kuna Takaful Insurance of Africa. Lakini ujue: ukikata bima ya gari binafsi halafu uanze kubeba watu kwa nauli hadi Nairobi "kurudisha mafuta," siku ya ajali kampuni haitalipa. Hata mmoja akisema alilipa soo tano.

Mafuta nayo, EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 na ya Garissa huwa juu ya Nairobi, Mandera juu zaidi. Piga hesabu ya lita kwa bei ya kwenu.

Na ile ndai ya bei ya kutupa, haina logbook, "karatasi zinakuja"? Mara nyingi imevuka mpaka bila ushuru. Kuna vizuizi vingi sana kati ya hapo na Thika vya kupita ukiomba isikaguliwe. Angalia namba kwa mfumo wa NTSA kabla ya shilingi moja kutoka, linganisha na namba ya chesi kwa mwili wa gari, na usilipe mpaka muuzaji aanze kuhamisha umiliki kwa eCitizen ukiwa umesimama hapo.

Siku ya kujaribu, usikubali kuzunguka yadi tu. Jaza familia yote, cuzo pia kama kuna kiti chake, vuka daraja mpaka Madogo na kurudi saa nane mchana, AC ikiwa imewashwa. Angalia mshale wa joto la injini. Sikiza nyuma kama kuna kitu kinagonga. Halafu uliza ayeeyo.