Hasara ya Kisima Kikavu

Mwaka 1983 wataalamu kutoka Ufaransa walizipima chemchemi za maji moto za Rwanda, wakataja sehemu mbili zenye dalili nzuri za jotoardhi: Bugarama, kule kusini-magharibi, na hapa kwetu Gisenyi. Miaka zaidi ya 40 imepita, na taa ninayosahihishia madaftari hapa mtaani Nengo bado haijawashwa na joto hilo. Nafundisha jiografia. Wanafunzi huniuliza kwa nini, na swali lao linastahili jibu la kweli.

Dalili yenyewe kila mtu anaiona. Ukienda Nyamyumba, jirani na kiwanda cha bia cha Bralirwa, amashyuza, kama tunavyoyaita maji moto ya chemchemi, yanatoka ardhini yakiwa na nyuzi 70 na zaidi. Wazee wenye maumivu ya miguu hukaa pale yanapochanganyika na maji baridi ya Ziwa Kivu. Kitambaa huchovywa, hukamuliwa upesi, huwekwa gotini. Lakini chemchemi haikuambii joto limeanzia wapi, kwa kuwa maji huweza kusafiri mbali ndani ya nyufa za miamba kabla ya kujitokeza. Kujua ni kuchimba, na kuchimba ndiko kunakokula fedha.

Serikali yetu ilichimba. Mwaka 2013, kwenye miteremko ya volkano ya Karisimbi, kisima cha kwanza kilifika mita 3,015. Cha pili kilisimamishwa 2014 kikiwa na mita 1,367. Joto lilikuwa la kawaida kwa kina hicho, mvuke wa kuendesha mtambo haukupatikana, na fedha zilikuwa za umma. Silaumu uthubutu ule. Kenya nayo ilichimba visima viwili Olkaria miaka ya 1950 ikaambulia patupu, na umeme wake wa kwanza wa jotoardhi ukaja 1981. Ninachosema ni kwamba kabla keekee haijagusa mwamba, iandikwe nani atabeba hasara ya kisima kikavu.

Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na jibu lake. Huko Coso, katika jangwa la California, joto liko ndani ya kambi ya China Lake. Sisi wa mpakani tunajua ardhi ya jeshi haikanyagwi ovyo, lakini mwaka 1979 jeshi hilo liliingia mkataba na kampuni ya California Energy: kampuni ichimbe, ijenge na iuze umeme kwa mtaji wake, jeshi libaki na ardhi yake na lilipwe. Umeme ulianza kutoka 1987, na mitambo ikaongezwa hadi kufikia megawati 270 hivi. Kwa kulinganisha, KivuWatt, mtambo wa kampuni binafsi unaotumia gesi ya ziwa letu kule Karongi, ni wa megawati 26.

Lakini chemchemi za Coso zilikuwa na wenyewe. Wapaiute na Washoshone walioga humo kwa tiba na ibada tangu enzi za mababu. Mitambo ilipoanza, maji yalizidi moto, matope yakatokota, nao wakalalamika kwamba hawawezi tena kuoga. Ruhusa ya kuingia kambini walikuwa nayo. Maji ya kuogea ndiyo waliyoyakosa.

Mwekezaji wa jotoardhi akija hapa wilayani Rubavu nitamkaribisha kwa moyo mmoja. Hatari ya kuchimba igawanywe waziwazi, kama Menengai nchini Kenya, ambako GDC, kampuni ya serikali, huchimba visima na kampuni binafsi hujenga mitambo. Na mkataba utaje joto la amashyuza na wingi wa maji yake kabla ya kazi kuanza, yapimwe kila mwezi mbele ya watu wa Nyamyumba, na useme wazi ni badiliko gani litakalosimamisha uchimbaji. Kipimajoto na daftari tunavyo shuleni. Vipimo vya kwanza wanafunzi wangu wanaweza kuvichukua muhula huu, kabla mtu yeyote hajasaini chochote.