Uganga wa mvua wa Wakilindi
Uganga wa mvua ni maarifa ya dawa na matambiko ya kuleta au kuzuia mvua, yaliyoshikwa na watawala wa ukoo wa Wakilindi katika milima ya Usambara, ambayo sehemu yake imo wilayani Korogwe. Mapokeo husema mwanzilishi wao, mwindaji Mbegha, alitoka Nguu, eneo lililokuwa Handeni kabla ya wilaya ya Kilindi kuundwa mwaka 2002. Uganga huu ulihusu nchi nzima. Washambaa, wenyeji wa milima hiyo, hawakuuchukua kama imani tupu, jambo linalopuuzwa mno: ulikuwa ujuzi wa kurithiwa, na matokeo yake yalijadiliwa hadharani, kwa kuwa mtawala mmoja mwenye nguvu alisemekana kuiponya nchi (kwa Kishambaa, *kuzifya shi*), ilhali watawala walioshindana waliidhuru (*kubana shi*).